Kabla ya Kukimbilia Sheli, Uliza Pipa Liko Wapi

Hotuba kwa waendesha bodaboda, madereva wa teksi na wafanyabiashara wa Tororo

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu wa soko, na nyinyi vijana mliozima pikipiki zenu mje kusikiliza, asanteni. Najua saa hizi ndizo za abiria wa Malaba, kwa hiyo sitawacheleweshea riziki.

Simu moja tu ikicheza video ya kombora, steji nzima hubadilika. Mmoja anasema vita vya tatu vya dunia vimeanza. Wa pili anasema Marekani imekwisha. Wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, anawasha pikipiki na kuelekea sheli na jerikeni mbili za lita 20. Huyo wa tatu ndiye niliyemjia leo. Wale wawili waacheni wabishane, ubishi wa Putin na Zelensky haujawahi kumaliza petroli ya mtu. Anayemaliza petroli ni huyu mwenye jerikeni, pamoja na jirani aliyemwona akipita, pamoja na mwenye duka aliyewaona wote wawili akaamua kupandisha bei ya sukari jioni hiyohiyo.

Habari ya vita inafika Tororo kwa sekunde. Mafuta yanafika kwa wiki. Hapo katikati ndipo tunapoumizana wenyewe kwa wenyewe, na ndipo ninapotaka tutazame.

Tuanze na safari ya lita moja. Petroli mnayonunua hapa haikutoka kisimani ikaja moja kwa moja. Kenya iliacha kusafisha mafuta ghafi pale Changamwe, Mombasa, mwaka 2013, na sisi Uganda bado hatujajenga kiwanda chetu. Kinachotufikia ni mafuta yaliyokwisha safishwa, mengi kutoka nchi za Ghuba. Meli ikipakia kule hukata Bahari ya Hindi kwa muda wa wiki moja hivi, au siku kumi, hadi Mombasa. Ikifika hungoja zamu ya gati pale Kipevu, ishushe, sampuli zipimwe. Kisha mafuta husukumwa ndani ya bomba la Kenya Pipeline, yapande Nairobi, yaendelee hadi Eldoret au Kisumu. Bomba hilo hubeba bidhaa kwa zamu: petroli, dizeli na mafuta ya ndege hupita moja baada ya nyingine, na pale zinapogusana hupatikana mchanganyiko ambao hutengwa kando. Ndiyo maana siku nyingine dizeli huwa imejaa na petroli imeadimika, bila vita yoyote mahali popote. Kule Eldoret au Kisumu malori ya matangi hupakia, hushika barabara ya Malaba au Busia, hupita forodha, na ndipo lita yako huingia tangi lililozikwa chini ya sheli.

Hesabuni hatua hizo zote mtaona kwamba petroli iliyo ndani ya pikipiki yako sasa hivi iliondoka Ghuba wiki kadhaa zilizopita, mara nyingi mwezi mzima au zaidi. Bei yake ilifungwa zamani. Kombora la leo asubuhi haliigusi.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni ni nani anayeyaagiza. Tangu Julai 2024 ni Shirika la Taifa la Mafuta, UNOC, likishirikiana na kampuni ya Vitol, nalo huziuzia kampuni zenye sheli. Kabla ya hapo kampuni zetu zilinunua kupitia wenzao wa Kenya. Mwaka 2023 Kenya ilipoingia mkataba wa mkopo na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, Uganda ililalamika kwamba mlolongo umekuwa mrefu na ghali, kesi ikafika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwishowe viongozi wakaelewana mwaka 2024. Lakini kubadilisha mwagizaji hakukubadilisha njia. Meli ni ileile, bomba ni lilelile, foleni ya Malaba ni ileile.

Sasa ramani. Mwenye simu aifungue atafute sehemu mbili. Ya kwanza ni mlangobahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman. Mahali pembamba kabisa pana upana wa kilomita zipatazo 33, na mwaka 2024 yalipita hapo mapipa kama milioni 20 kwa siku, sawa na sehemu moja ya tano ya mafuta ambayo dunia nzima hutumia. Ya pili ni Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, pale Yemen.

Hizi mbili watu huzichanganya kila siku. Mwishoni mwa 2023 Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, walipoanza kushambulia meli, tulisikia kwenye redio kwamba petroli ya Uganda itakwama. Tazameni ramani. Meli inayotoka Ghuba kuja Mombasa hupita Hormuz, ikateremka moja kwa moja Bahari ya Hindi. Bab el-Mandeb haipiti kabisa. Waliopata taabu ya moja kwa moja ni wale waagizao spea, nguo na mashine kutoka Ulaya, na wasafirishaji wa kahawa yetu kwenda huko, kwa sababu meli zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, zikaongeza siku kumi hadi kumi na nne. Kwa hiyo mtu wa duka la spea alikuwa na haki ya kuwaza. Mwenye pikipiki kukimbilia sheli kwa habari ya Yemen ni kumlilia marehemu wa jirani huku hujui jina lake.

Hormuz ndiyo inayotuhusu. Na hapo pia kuna namna ya kusikia habari.

Chukueni Juni 2025. Tarehe 12 pipa la mafuta ghafi ya Brent, yale ambayo dunia huyatumia kupimia bei, lilifunga kwenye dola 69 na senti kidogo. Alfajiri ya tarehe 13 Israel ikaipiga Iran. Bei ikapanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena, tarehe 19 ikafunga karibu dola 79. Tarehe 22, Jumapili, Marekani ikapiga vituo vya nyuklia vya Iran, na siku hiyohiyo ikaenea habari kwamba bunge la Iran limeunga mkono kufunga Hormuz. Jumatatu tarehe 23 soko likafunguka kwa kelele, pipa likavuka 80. Jioni ya siku hiyohiyo, Iran ilipojibu kwa kupiga kambi ya Marekani nchini Qatar na ikaonekana madhara ni madogo, bei ikaporomoka kwa asilimia 7. Tarehe 24 kukatangazwa kusitisha mapigano, pipa likafunga dola 67, chini ya pale lilipokuwa kabla ya kombora la kwanza.

Siku kumi na mbili. Meli iliyopakia siku ya kwanza ya vita ile ilikuwa labda ndiyo kwanza inaona taa za Mombasa vita ilipokwisha. Aliyejaza jerikeni Jumatatu ile kwa bei ya woga alinunua mafuta ya mwezi Mei.

Na lile neno la bunge, tulishike kidogo. Habari ilisema bunge limepiga kura. Steji ikasikia mlango umefungwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kule Iran uamuzi wa namna hiyo uko mikononi mwa baraza lao kuu la usalama, bunge huonyesha tu msimamo wake. Sisi wenyewe tumeonja kosa hilohilo kutoka upande wa pili. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga bomba letu la mafuta ghafi, lile la EACOP, na wiki nzima nchini ikawa Ulaya imezuia bomba, wengine wakikasirika, wengine wakishangilia. Azimio lile halikuwa na nguvu ya kisheria juu ya Uganda wala Tanzania. Kazi iliendelea. Lililokuwa gumu ni fedha: benki kadhaa kubwa za nje zilikataa kukopesha, na hilo lilichelewesha kazi kuliko azimio lolote. Lakini habari ya benki kusita haina picha nzuri, kwa hiyo haikufika steji.

Kwa hiyo ukisikia habari tafuta kitenzi chake. Amesema, ametishia, amepiga kura, ameamua, amefanya. Kati ya kutishia na kufanya kuna umbali kama wa hapa na Kampala, na bei ya mafuta hupanda na kushuka njiani humo mara nyingi kabla safari haijaisha.

Kuhusu video, machache tu. Kuna mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3, picha zake zimesambazwa mara nyingi kama vita vya kweli, Ukraine mwaka 2022 na Gaza mwaka 2023, hadi waliotengeneza mchezo wakatoa maelezo ya jinsi ya kuzitambua. Mara nyingi ni usiku, picha inatikisika, na humuoni binadamu akitembea kama binadamu. Video nyingine ni za kweli lakini za miaka iliyopita. Tangu Facebook ilipofungwa hapa Januari 2021 habari nyingi hutufikia kupitia WhatsApp na TikTok, zimekatwa kichwa na mkia, bila tarehe. Mtu akikuletea video muulize ni ya lini na ni wapi. Akishindwa yote mawili, hiyo ni burudani.

Tuje kwenye pesa, maana najua hapo ndipo masikio yalipo.

Pipa moja lina lita 159. Pipa likipanda dola kumi, gawanya kwa 159, unapata senti sita na kitu za dola kwa lita. Kwa dola ya shilingi 3,600 hiyo ni kama shilingi 226. Shikeni hiyo: kila dola kumi kwenye pipa ni shilingi mia mbili na ishirini na kitu kwenye lita, hapo baadaye, meli mpya zikishafika. Siyo elfu moja, siyo elfu mbili. Bei ya mafuta yaliyosafishwa haifuati mafuta ghafi hatua kwa hatua, mara nyingine hupanda zaidi, hasa dizeli, lakini kipimo hiki kinatosha kumtambua anayekudanganya.

Sehemu kubwa ya bei ya pampu haitikisiki na vita. Bajeti ya 2024 iliweka ushuru wetu wa petroli kuwa shilingi 1,550 kwa lita, na wa dizeli 1,230. Ni kiasi maalumu kwa lita, siyo asilimia. Pipa likiwa dola 60 au 120, ushuru ni uleule. Ndiyo maana mafuta ghafi yakipanda asilimia kumi, pampu haipaswi kupanda asilimia kumi, na ndiyo maana pia yakishuka sana hatuoni mteremko mkubwa. Aprili 2020 mkataba wa mafuta ya Marekani uliuzwa chini ya sifuri kwa siku moja, watu wakauliza kwa nini Tororo hawagawi bure. Ushuru, usafiri, bomba, lori na faida ya sheli vilikuwa palepale.

Sasa nauli. Pikipiki ya cc 100 iliyotunzwa huenda kilomita kama 45 kwa lita. Abiria wa kilomita tano, ukihesabu na kurudi mtupu, ni kilomita kumi. Lita ikipanda shilingi 300, safari hiyo imekuongezea gharama ya shilingi 67. Sitini na saba. Ukimwambia mama wa watu nauli imepanda elfu moja kwa sababu ya Iran, Iran imekula 67, wewe umekula 933.

Najua mtanizomea, lakini teksi nao wamo. Hapa hadi Mbale ni kilomita kama 45. Teksi ya watu 14 ikienda kilomita tisa kwa lita, inachoma lita tano. Lita ikipanda 300, safari imepanda 1,500. Gawanya kwa abiria 14, ni shilingi 107 kila mmoja. Konda akiongeza elfu moja kwa kichwa amekusanya 14,000 kulipia 1,500. Abiria nao siku hizi wana kikokotoo kwenye simu, wakianza kuzipiga hesabu hizi ndani ya gari mtapata taabu kuwajibu.

Mwenye sheli anastahili haki yake pia, kwa sababu lawama zote humshukia yeye. Lori moja la mafuta ni kama lita 36,000. Bei ya jumla ikipanda shilingi 300, lori lijalo litamdai milioni kumi na laki nane zaidi ya lile lililopita. Fedha hizo lazima zitoke kwenye mauzo ya mafuta aliyonayo sasa, au akope. Kwa hiyo akipandisha bei kabla ya mzigo mpya kufika si lazima awe mlanguzi, huenda anakusanya pesa ya lori. Ninachomlaumu nacho ni kushuka. Bei hapa hupanda kwa bodaboda na kushuka kwa miguu. Uganda bei ya mafuta iko huru, hakuna anayempangia, kinachomlazimisha kushuka ni jirani yake kushuka. Mji wenye sheli nyingi hupata nafuu mapema. Kwenye senta ya kijiji yenye pampu moja, utangoja sana.

Kuna kitu kinatuuma kuliko Hormuz, nacho tunakiona kila siku tukienda sokoni. Januari 2022 madereva wa malori waligoma pale Malaba na Busia kwa sababu ya kulazimishwa kupimwa Covid kwa dola 30. Foleni ikarudi nyuma ndani ya Kenya kilomita kwa kilomita, malori ya mafuta yakiwa ndani yake. Pipa duniani lilikuwa kati ya dola 80 na 90, hakuna vita. Lakini sehemu za mbali na Kampala lita ikauzwa hadi shilingi 10,000. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Februari, Urusi ikaivamia Ukraine, na Machi pipa likagusa dola 139. Dunia nzima ikapiga kelele. Bei ya Kampala ikapanda pole pole, katikati ya mwaka ikavuka 6,000, lakini ile 10,000 haikurudi. Vita kubwa kuliko zote barani Ulaya tangu 1945 haikuweza kutufanyia kilichofanywa na kijiti cha kupima pua pale mpakani.

Mwanzoni mwa 2008 ilikuwa vilevile: uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulikuwa umeharibika, reli ikang'olewa, barabara zikafungwa, na Uganda ikakauka. Maghala ya akiba ya Jinja yana uwezo wa lita milioni 30. Hata yakijaa hayatufikishi wiki moja. Kuna ghala jipya la ziwani karibu na Entebbe, la lita milioni 70, linalopokea mafuta kwa meli kutoka Kisumu. Linasaidia, lakini Kisumu nayo ni mwisho wa bomba lilelile. Njia ya Tanzania kupitia Mutukula ipo, ni ndefu, na sehemu ndogo tu ya mafuta yetu hupita huko. Kwa hiyo mtu wa Tororo anayetaka kujua kama petroli itaadimika wiki ijayo aache kwanza Tehran. Ampigie simu dereva wa lori amuulize foleni ya Malaba imefika wapi, na Eldoret wanapakia au hawapakii.

Bidhaa nyingine zina njia zao. Mwaka ule wa 2022 sabuni na mafuta ya kupikia yalipanda sana, watu wakasema ni Ukraine. Alizeti kweli, Ukraine ilihusika. Lakini sabuni yetu ya mche hutengenezwa zaidi na mafuta ya mawese, na Indonesia ilizuia kuuza mawese nje tangu 28 Aprili hadi 23 Mei mwaka ule. Ngano ilikuwa ya Ukraine na Urusi, ndiyo maana Mei Mosi pale Kololo Rais alisema asiye na mkate ale muhogo, na nchi ikagawanyika, wengine wakicheka na wengine wakinuna. Wakulima wa muhogo hapa Tororo sikumbuki wakinuna.

Swali la mafuta yetu wenyewe haliwezi kukosa. Hoima yapo, yaligunduliwa 2006, na kwa miaka mingi mapipa bilioni 1.4 ndiyo yaliyohesabiwa kuwa yanaweza kutolewa. Bomba la kilomita 1,443 litayapeleka Tanga, likipashwa moto njia nzima, kwa kuwa mafuta yetu yana nta nyingi, yakipoa huganda kama samli. Lakini yatakayopita humo ni mafuta ghafi ya kuuzwa nje. Kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku, kilichotiwa saini na kampuni ya Falme za Kiarabu mwaka 2025, ni kazi nyingine na miaka mingine. Na hata kikisimama, kitauza kwa bei inayoifuata ile ya dunia. Faida yake itakuwa kwamba foleni ya Malaba haitatunyonga. Msingoje petroli ya elfu mbili.

Nimalizie na jerikeni, kwa sababu hii inaua.

Petroli haiwaki yenyewe, unaowaka ni mvuke wake. Na mvuke hutoka hata kwenye baridi ambayo Uganda hatuijui kabisa, nyuzi arobaini chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango wa chumba cha kulala, hufika jikoni alipo mama na sigiri. Jerikeni inaweza kuwa mita kadhaa kutoka kwenye moto, mvuke ukaufuata moto na kurudi nao. Ile jerikeni ya njano ya mafuta ya kupikia haikutengenezwa kwa petroli, mfuniko wake hauzibi mvuke. Ukijaza hadi shingoni asubuhi na jua la mchana likaipiga, lita 20 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huvimba kwa karibu lita 0.4, hazina pa kwenda, hutoka. Moto ukishika msimwage maji, petroli huelea juu yake na kusafiri nayo. Mchanga, udongo mkavu, au kizima moto cha unga.

Lori likianguka kimbieni kuelekea upande upepo unakotoka, mbali nalo. Namungoona, Juni 2013, zaidi ya watu 30 walikufa wakiwa karibu na lori la mafuta lililopata ajali, wengi walikwenda kuchota. Kigoogwa, njia ya Bombo, Oktoba 2024, wakafa wengine wasiopungua 11. Bodaboda walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, kwa sababu mwenye pikipiki siku zote hufika kwanza.

Na mafuta yanayouzwa kwenye chupa barabarani wakati wa uhaba, mengi yamechakachuliwa kwa mafuta taa. Pikipiki itakuambia: inakuwa nzito kuwaka asubuhi, inagonga ikipanda mlima, plagi ukiifungua ni nyeusi ina masizi. Utakachookoa kwenye lita utakilipa kwa fundi. Kwenye pampu tazama kibandiko cha UNBS, shirika letu la viwango, tazama namba zianze kwenye sifuri, na ukinunua ya shilingi 5,000 ujue kwamba kwa bei ya 5,200 hiyo haifiki lita moja, ni 0.96. Usimgombeze kijana wa pampu kwa lita ambayo hukuilipia.

Nimeomba jambo moja kwa mwenyekiti naye amekubali. Kila steji iwe na ubao na chaki. Juu yake namba nne: bei ya lita hapa Tororo, bei ya ng'ambo ya Malaba upande wa Kenya, ambayo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, dola leo ni shilingi ngapi, na pipa la Brent limefunga kiasi gani jana. Ya tano ni maneno, siyo namba: foleni ya Malaba imefika wapi. Kila asubuhi mmoja anaandika, kwa zamu, na namba za jana zisifutwe hadi wiki iishe. Mtu akija na video ya kombora, mpelekeni kwenye ubao.

Ubao wa kwanza ni ule nyuma ya mwenyekiti. Aliyepita sheli ya kona asubuhi hii aje aandike bei, kisha tuanze maswali.